Eda Iliyoanzia Ufukweni

Tulipokwenda Bangkok sikuibadilisha saa yangu ya mkononi. Ulikuwa uvivu tu. Ilibaki na saa za Maskati, nyuma kwa saa tatu, na kila nikitaka kujua wakati nilijumlisha kichwani. Kwa wiki mbili haikunisumbua. Ilinitesa siku moja tu, kwa sababu siku hiyo kila nilipoitazama nilijua kule nyumbani Sib wanamfanya nini baba yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni. Mama alikuwa amepasuliwa jicho la kulia. Wakati huo watu wetu wakiumwa kitu cha maana walikwenda Bangkok, na kwenye korido za hospitali zao ungedhani uko Ruwi kwetu Maskati, kila pembe kofia na kanzu. Kaka yangu mkubwa alitusindikiza, akangoja mpaka operesheni ikaisha, akarudi kazini kwake. Mimi nikabaki na mama hotelini kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nacho na mume wa kunidai nyumbani sikuwa naye. Daktari alikuwa ametia hewa maalumu ndani ya jicho ili ilishikilie, akatupa masharti. Mama asiiname. Asinyanyue kitu kizito. Asipande ndege mpaka hewa ile iishe. Na asilie. Hili la mwisho alilisema mara mbili huku ananitazama mimi: akilia sana, kazi yote inaweza kuharibika na jicho likapotea.

Zilikuwa zimebaki siku tisa tusafiri, simu ya kaka iliponikuta mapokezi. Kwa Bangkok ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa yangu ilisema kumi na mbili. Baba alirudi msikitini baada ya sala ya Alfajiri, akakaa kungoja chai, na chai ilipoletwa hakuwepo tena. Hakuumwa, hakulalamika. Kaka alilia kidogo, kisha akaacha kulia akaanza kuamuru, kama ilivyo tabia yake mpaka leo.

"Usimwambie mama," alisema. "Akijua atalia, na jicho litakwenda. Atajua akifika nyumbani."

Nikamuuliza nani aliyeamua. Akasema wanaume wamekaa wakaliona hilo. Maiti haijaoshwa, na wao wamekwisha kukaa. Nilitaka kumpigia kelele, ila pale mapokezi palikuwa na watu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Nikasema sawa. Sijawahi kulijutia neno kama nilivyolijutia hilo.

Shida ilikuwa hoteli yenyewe. Nusu ya wageni walikuwa Waomani, wagonjwa na ndugu wa kuwauguza, na kwetu habari ya msiba haikai mahali pamoja. Kabla ya adhuhuri mtu angepigiwa simu kutoka nyumbani, angevaa kofia yake, angekuja kugonga mlango kumpa mama pole, na asingekumbuka kuuliza habari za jicho. Angekuwa anatimiza wajibu wake. Nikamfuata bibi mmoja wa chumba cha jirani, mtu wa asili ya Pemba, nikamwambia. Alishika mdomo. Kisha akasema nimtoe mama nje kutwa nzima, yeye atazunguka mlango kwa mlango kuwaomba watu wanyamaze.

Basi nikapanda juu nikamwambia mama kwamba leo daktari kamruhusu kutembea, twende tukaone pwani yao. Kwa siku kumi alikuwa ananilaumu kwamba tumekuja nchi ya watu na tutarudi tumeona dari tu. Aliinuka kitandani kwa haraka hata nikamkumbusha asiiname. Akavaa gauni la waridi tulilonunua juzi yake, akajipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio, akasimama mbele ya kioo na kile kikombe cha plastiki juu ya jicho, anachagua mtandio.

Mimi nilisimama mlangoni. Mjane havai nguo ya kupendeza, hajipaki manukato, hatoki ovyo nyumbani. Anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hakuna mwanamke kwetu asiyelijua hilo. Na eda inaanza mume anapokata roho, mke ajue asijue. Mama yangu alikuwa kizuka tayari, tena wa saa ya kwanza, na alikuwa akiniuliza kama mtandio ule wa maua unaendana na gauni.

Nikamwambia unaendana.

Nilikodi teksi ya kutwa. Dereva alikuwa mtu mzima, mnyamavu, na namshukuru kwa ukimya wake mpaka leo. Kwenye foleni ya kutokea mjini mwanamke mmoja alikuwa akipita kati ya magari anauza mashada ya asumini. Mama alifungua kioo kabla sijamzuia. Alilinusa shada lile, akalibana kifuani kwa pini, akasema hawa watu wanajua kushona maua lakini hawajui kikuba chetu cha kifuani, angepata mrehani angewaonyesha. Kisha akaanza kunisimulia vikuba alivyokuwa akimshonea baba walipooana Unguja, na jinsi baba alivyokuwa akijifanya hajali huku analala na harufu yake mpaka asubuhi. Hadithi hiyo hakuwahi kunisimulia. Mama zetu hawasimulii mambo hayo. Nilitazama nje dirishani, gari zima likinuka asumini.

Tulisimama kwanza Ang Sila, mji mdogo wa kando ya bahari ambako kila duka linauza vinu vya mawe. Mama alipoviona alisahau kama anaumwa. Aligonga kimoja baada ya kingine kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akamgombeza muuza duka kwa Kiswahili, na yule naye akamjibu kwa lugha yao, na wakaelewana vizuri kuliko mimi na Kiingereza changu. Mikono yake ilijaa vumbi jeupe. Alisema baba yako ataninunia kwa mzigo huu, lakini chatne ya nazi akiila hatanuna tena. Nilitazama saa. Ilikuwa tatu ya Maskati. Watakuwa wamekwisha kumuosha, nikawaza, watakuwa wanakata sanda. Nikakibeba kinu mpaka garini maana yeye hakuruhusiwa, na uzito wake ulinifaa, ulinipa kitu cha kuhemea.

Kutoka hapo tukaenda Bang Saen, kwenye jumba lao la samaki. Ndani mlikuwa na giza kidogo, kuta za kioo, papa na taa wanapita juu ya vichwa vya watu, na watoto wa shule wakiwafuata kwa vidole. Mama alisimama mbele ya chewa mmoja mkubwa, akasema huyu ana uso wa yule mkuu wa zamani wa idara ya baba yako. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka kweli, kicheko chote, na katikati yake nikakumbuka. Sijui kama kuna mwenzangu aliyewahi kucheka baba yake akiwa hajazikwa. Nilijiona mchafu, na bado nilikuwa nacheka.

Ndipo nilipomwona mzee mmoja wa hotelini kwetu, amevaa kanzu, anakuja na binti yake. Alikuwa ameondoka hotelini baada yetu. Nilijua kwa mwendo wake tu kwamba habari imemfika na ombi la bibi wa Kipemba halijamfika. Alikuwa amekwisha kunyanyua mkono wa kulia na kuutengeneza uso. Nikamwacha mama na chewa wake, nikamwendea haraka, nikamwambia kwa Kiarabu kwamba mama hajui, ana jicho, asilie. Yule mzee aliushusha mkono wake. Alisema neno moja tu, haramu. Sikujua, na sijui hata sasa, kama alinionea huruma, maana kwa Kiarabu chetu neno hilo hutumika hivyo pia, au alikuwa ananihukumu. Kisha akampita mama, akamwombea afya huku macho yake yakiwa yamejaa maji, akaondoka. Mama aliniuliza yule mzee ana nini. Nikasema mkewe mgonjwa sana. Uongo ulikuwa umeanza kunitoka bila kuutafuta.

Ufukweni viti vya kulalia vilikuwa vimepangwa kwa mamia chini ya miavuli, vimebanana hata jua halipati pa kupita. Watu walikuwa wanaoga baharini na nguo zao zote, wanawake kwa wanaume, na jambo hilo lilimfurahisha mama kupita yote. Alisema hawa wana haya zao, Mungu awabariki. Tukala ngisi wa kuchoma. Upepo ulikuwa mzuri. Alinishika mkono akasema, "Siku nyingi sijafurahi kama leo, mwanangu. Wallahi nnaona kama nimevuliwa mzigo."

Saa tisa na nusu akataka kusali Alasiri. Alisali kwenye kiti, kwa ishara, kwa ajili ya jicho. Nami nikatandika mtandio mchangani nikasimama pembeni yake. Saa yangu ilikuwa sita na nusu. Kule Sib sala ya Adhuhuri imekwisha, watu wamesimama safu, na baba yuko mbele yao. Nilisali Alasiri yangu sijui hata nilisoma nini. Tulipotoa salamu mama alinyanyua mikono, akaomba dua kwa sauti kama alivyozoea, nami nikiitikia. Aliomba jicho lipone. Aliniombea mimi mume mwema. Kisha akasema, "Na babaake huyu, ya Rabbi, mpe umri mrefu, nimkute salama, usinitangulizie yeye."

Akangoja. Mama alikuwa hashushi mikono mpaka uitikie.

Nikasema Amin.

Siku nane zilizofuata hazina mengi ya kusimulia. Watu wa hotelini walinyamaza vizuri mno. Walimpisha mama kwenye lifti kama malkia, naye akadhani ni kwa sababu ya jicho. Kaka alipiga simu akasema baba kaenda bara, ndani ya nchi, kwa jamaa zake, kule simu hakuna. Mama alinung'unika kwamba mume gani huyu asiyeuliza mgonjwa wake. Daktari alimulika jicho akasema limepona vizuri kuliko alivyotarajia, na kilio sasa si hatari tena. Nilimtafsiria mama nusu ya maneno hayo.

Tulifika Sib mchana. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliovaa nyeusi, na mama alielewa kabla ya mlango. Kaka alianza kueleza, jicho, daktari, wanaume walikaa wakaona. Mama hakumsikiliza. Alinigeukia mimi, akauliza siku gani. Nikamwambia. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia hilo pia. Nilimwona akihesabu, gauni, udi, maua, kinu, chewa, ngisi, dua. Wanawake walikuwa wanamngoja alie ili nao walie. Nikamnong'oneza kwamba sasa anaweza, daktari karuhusu. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akaingia chumbani akavua bangili moja baada ya nyingine.

Alikaa eda yake vizuri, hakuna aliyemlaumu kwa lolote. Shehe alisema siku zile tisa zinahesabika, na kwa asichokijua hana dhambi. Mama alimshukuru. Ilipotimia miezi minne na siku kumi, ndugu walikuja na nguo mpya na udi wa kumtoa, na biriani limekwisha kupikwa. Aliwaambia kupitia mlango wale biriani, wampe salamu kila mmoja, yeye ana siku tisa zake hajazikaa. Kaka alileta shehe. Shehe alirudia aliyosema. Mama akajibu kwamba hukumu anaikubali, hizi si za sheria, ni za kwake. Akazikaa zote.

Katika siku hizo tisa hakutaka mwingine amletee chakula ila mimi. Kila siku aliniuliza kitu kimoja tu kuhusu siku ile ya pwani. Tulikuwa wapi walipomuosha. Nilikuwa na uso gani alipokuwa akicheka. Mzee wa jumba la samaki alijua? Nilijibu kila swali kama lilivyokuwa, hata lile la Amin. Nilidhani tukimaliza atanipiga au atanisamehe, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Nilimwambia ilikuwa amri ya kaka. Nikamwambia tulichelea jicho.

Siku ya mwisho alinikalisha karibu, akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo.

"Mngeniuliza mimi," alisema. "Nilikuwa na macho mawili, mwanangu. Moja ningemlilia yeye mpaka likatoka, na jengine lingenitosha."

Akainuka, akaenda kuoga, akatoka eda bila udi wala wageni. Hakunifukuza wala hakunitupa. Alinipikia, aliniombea, aliniozesha. Baadaye mimi na mume wangu tulijenga nyumba Mabela, akahamia kwangu, akaishi nami miaka kumi na moja, na jicho lile lilitunga uzi kwenye sindano mpaka mwisho wake. Sikuliona likitoka chozi hata mara moja, hata nilipomwekea mikononi mjukuu aliyepewa jina la baba.