Nilimwambia mwanangu matufaa ya baba yake mkubwa yana sumu

Ndugu msomaji, kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Kwetu ni Siha, juu kidogo ya Sanya Juu. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka mitano, yuko chekechea.

Mimi na kaka yangu tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo alilotuachia baba. Hatua mbili tu za migomba, jamani! Upande wake kaka alipanda matufaa. Watu walimcheka, wakasema huku ni kahawa na ndizi. Akayalea hivyo hivyo mpaka yakazaa.

Siku moja barua ikaja kutoka shule: watoto watatembelea shamba la matufaa. Shamba lenyewe la kaka. Mke wangu alifurahi, mimi nikanuna. Ningeweza kumzuia mtoto, lakini niliogopa kuonekana nina roho mbaya. Basi asubuhi ya safari, nikimfunga kamba za viatu, nikamwambia, "Usile kitu cha baba mkubwa. Kina sumu."

Sikutaka apapende kwake, basi. Nikaenda zangu kukamua ng'ombe.

Mke wangu alikuwa kati ya wazazi waliosindikiza. Aliporudi hakukaa hata kwenye kiti.

"Kaka yako alimpa kila mtoto tufaa lake," akasema. "La mwanao alilichagua mwenyewe, jekundu, akalifuta kwa shati. Akasema huyu ni damu yangu. Mtoto akaficha mikono nyuma. Akamwambia, 'Shikamoo baba mkubwa. Baba amesema yana sumu.' Wenzake wote wakayaweka chini. Mmoja akalia, eti yeye ameshauma."

"Kaka alisemaje?"

"Aliitikia marahaba."

Jioni hiyo kijiji kizima kilijua. Sokoni watu wakawa wanalipita tenga lake. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kusema nilidanganya. Waliniitikia vizuri, wakanikaribisha na chai, na matufaa hawakununua.

Nikachuma jani la isale, nikaenda kwake. Sisi Wachagga ukiletewa isale ya kuombwa radhi hukatai, unasamehe. Nilimkuta shambani ameshika shoka, nusu ya miti iko chini. Aliweka shoka, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mdogo wangu."

"Basi acha kukata, kaka."

"Nani atakula?"

Hakusema kwa hasira, aliuliza tu. Nilisimama pale mpaka akamaliza mti wa mwisho. Machozi hayakuja, na mpaka leo hayajaja. Naamka, nakamua, nalala.

Sasa tunasalimiana. Zile hatua mbili nilimpa, hakuzitaka. Mtoto nimemwambia mara nyingi kwamba sumu haikuwepo, baba ndiye aliyekosea. Ananitazama tu. Jumapili tukitoka kanisani tunapita kwa baba yake mkubwa, mwanzoni walikuwa wanamwekea chakula, naye akikalia mikono yake mpaka tunapoondoka. Kaka siku hizi hamkaribishi tena mezani. Anamwambia nenda ukacheze, mama.

Wewe unayesoma, kama una ugomvi na ndugu yako, gombana naye wewe. Mtukanane, mshitakiane, mtapatana au hamtapatana. Mtoto usimwambie kitu. Mtoto atakuamini.