Mtihani Ulioangukia Msimu wa Viazi

Kule juu kabisa Maine, Marekani, ambako ukivuka mto tu umeingia Kanada, shule hufungwa vuli ili watoto wakavune viazi. Ndivyo ilivyo na ndivyo ilivyokuwa. Na kila vuli, mashine za kuvunia zikianza kunguruma mashambani, Ludivine Gagnon alikuwa akiishi na mtu mmoja zaidi nyumbani mwake.

Ukimwona usingemdhania. Alikuwa mjane wa karibu miaka themanini, mgongo umenyooka, aproni imepigwa pasi, mwanamke wa kukaa benchi la mbele kanisani. Lakini msimu ukiingia alifunga mapazia ya upande wa shambani, na jioni alisikia bomba likifunguliwa kwenye chumba cha nyuma, pale wavunaji wanaponawia. Maji yalitiririka kwa muda mrefu, kama ya mtu anayesugua udongo usiotaka kutoka kuchani. Akienda kutazama, sinki lilikuwa kavu. Hakumwambia padri wala mwanawe Normand. Alitundika taulo safi, akarudi jikoni kwake.

Vuli hii ninayoisimulia, mjukuu wake Solange alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alitaka kusomea uuguzi kwenye chuo kimoja cha kusini, na chuo kilikuwa tayari kumpa ufadhili, ila alama zake za mtihani wa kuingilia, ule alioufanya majira ya kuchipua, zilipungua kidogo. Ilimbidi arudie. Wa Agosti alikosa nafasi, vituo vyote vilikuwa vimejaa. Wa Desemba ungemkuta mlango wa ufadhili umeshafungwa. Ukabaki huu wa Oktoba, Jumamosi asubuhi, katikati ya mavuno.

Aliyasema hayo Alhamisi jioni mezani, wakati wanakula maharage na ploye, zile chapati laini za unga wa kijivu ambazo bila hizo watu wa pale huhesabu kuwa hawajala. Baba yake, Normand, hakuinua kichwa.

"Redio imesema Jumamosi usiku jalidi kali," alisema. "Kipande chote cha nyuma ya kanisa bado kiko ardhini, viazi vitaganda. Kwenye mkanda wa mashine tuko pungufu tayari. Utafanya wa Desemba."

"Wa Desemba haunifai, Baba."

"Ungefanya Agosti."

"Agosti wewe ndiye uliyesema tungoje mashine itengenezwe kwanza ndipo nijiandikishe. Kwenda kujiandikisha, pamejaa."

"Basi usinune. Hayo meno unayonificha yamenyooshwa kwa pesa za viazi."

Solange alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamlengalenga, akainamia sahani. Ludivine hakuwa amegusa chakula chake. Utafanya wa Desemba. Maneno yaleyale, kwenye meza ileile, na kwa mdomo uliojaa ploye vilevile. Sauti tu ndiyo haikuwa ya marehemu mumewe, Adélard.

Mwaka Adélard alipoyatamka, Normand alikuwa bado anatambaa chini ya meza. Aliyekaa alipokaa Solange alikuwa Rosaire, kifungua mimba wa Ludivine, kijana mrefu mwenye kupenda hesabu, ambaye mwalimu alimtabiria uhandisi. Mtihani wake nao uliangukia mavuno, na jalidi nayo ilikuwa njiani. Adélard hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba viazi havina tarehe nyingine na mtihani unayo, na Rosaire, mtoto asiyejua kubisha, akasema sawa. Jumamosi akapanda mashine, akasimama penye mkanda kutoa mawe na mabua. Mchana mabua mabichi yakakwama kwenye mnyororo. Kila mtu pale alijua kwamba mashine huzimwa kwanza, na kila mtu pale, jalidi ikikaribia, aliyachomoa huku inazunguka. Rosaire alichomoa kama walivyochomoa baba zake. Sweta lake la kijani likashikwa.

Tangu hapo mezani kwa Gagnon walizungumzia mashine, jalidi na bahati mbaya. Mtihani haukutajwa. Normand alikua akijua kaka yake alivyokufa, bila kujua siku ile kaka yake alitakiwa kuwa wapi.

"Mtoto anakwenda," alisema Ludivine.

Normand alimtazama. "Na mkandani, Mama?"

"Nitasimama mimi."

"Wewe? Mashine hiyo hata kuitazama hutaki. Tukianza tu unashusha mapazia kama nyumba ya msiba."

"Jumamosi nitaitazama."

"Utaanguka, Mama."

"Nikianguka uniokote. Wewe nilikuokota mara ngapi?"

Mke wa Normand aligeukia jiko kuficha kicheko. Normand akaanza kueleza kwamba si suala la ubishi, ni suala la miguu, ni suala la baridi, mpaka Ludivine alipoweka mkono juu ya meza.

"Baba yako alimwambia Rosaire utafanya wa Desemba," alisema. "Alhamisi kama leo. Hapo alipokaa binti yako."

Normand aliiweka ploye chini na hakuishika tena.

Jumamosi, kabla jua halijapanda, Solange aliondoka na gari la mama yake. Ludivine alivaa suruali ya marehemu mumewe na glavu za mpira, akaenda shambani. Valmont, kibarua mzee aliyevuna na familia ile tangu enzi za vikapu, kabla ya mashine, alimpa mkono apande ngazi.

"Ludivine, umekuja kuchagua mawe au kuchagua mchumba?"

"Mawe, Valmont. Wewe nilikuona jiwe zamani."

Vijana wawili waliokuwa mkandani walicheka, mashine ikanguruma, na kicheko kikamezwa. Udongo ulipanda pamoja na viazi. Ludivine alitoa jiwe, alitoa bua, alitoa jiwe. Mikono ilikumbuka kazi mapema kuliko kichwa. Mabua yalipokwama, Normand aliizima mashine kabla hajaombwa, na kila yalipokwama aliizima tena, akitazama mbingu kwa hasira.

Saa sita ilipokwisha pita, Ludivine aliona mikono upande wa pili wa mkanda, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na mtu. Mikono ya kijana, bila glavu, pindo za sweta la kijani zikiishia kwenye vifundo vya mikono. Hakuinua uso. Aliijua. Ilichagua mawe kwa kasi, bila kupumzika, kasi ya mtu aliyekwisha kuchelewa na anayetaka kumaliza mstari huu ili aruhusiwe kuondoka. Hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote hiyo alidhani Rosaire hurudi nyumbani kunawa. Kumbe alikuwa akinawa ili aende kwenye mtihani.

Solange alirudi shamba bado lina mistari mingi na jua linashuka. Alikuja mbio katika nguo zake safi, akashika ngazi. Alisema kwa sauti ya kushinda mashine kwamba maswali ya mwisho hakuyamaliza vizuri, hajui kama alama zitatosha, lakini amefanya, sasa bibi ashuke yeye apande.

"Wewe hupandi," alisema Ludivine.

"Bibi, umechoka. Midomo imekuwa ya buluu."

"Nimesema hupandi. Nenda nyumbani."

Normand alimwonyesha binti yake kwa kidole njia ya nyumbani, akaendesha. Ilikuwa dhahiri kwamba mistari ya mwisho itabaki kwa jalidi. Ludivine aliinamia mkanda, karibu sana na ile mikono, akasema kwa sauti ambayo Valmont aliyesimama kando yake hakuisikia:

"Nenda nawe, mwanangu. Yaliyobaki nitayamaliza mimi."

Mikono ile ilitoa jiwe, ikatoa bua, ikatoa jiwe. Haikusimama.