Kumpeleka Njeri Kibiti

Tuliondoka kisiwani kwa sababu Njeri alikataa kitumbua. Ninyi mliomwona akikua pale Kinangop mnajua kwamba binti yetu hakatai kitu cha kutia mdomoni. Hata dawa ya minyoo aliwahi kuomba aongezewe. Asubuhi hiyo alikitazama kitumbua, akalaza kichwa mezani, akasema anasikia baridi. Baridi, katika delta ya Rufiji, mimi mwenyewe nikijipepea kwa kifuniko cha sufuria tangu nilipoamka!

Kwa ambao hawakupata habari zetu: Kamau, mume wangu, aliitwa huku Tanzania kufundisha ufugaji wa nyuki kwenye mikoko, nasi tukamfuata. Kwetu milimani baridi haimpi mbu nafasi, kwa hiyo tulifika tukimwogopa mbu kama simba. Kamau alitundika neti hata kwenye dirisha la choo. Mbu wa Njeri sijui alipitia wapi.

Kwenye zahanati ya kijiji, nesi alimtoboa kidole, akapima, akasema ni malaria. Akampa vidonge, Njeri akavitapika. Akampa tena, vikarudi pamoja na maji ya kuvimezea.

"Mama, huyu dawa ya kumeza haitulii tumboni," nesi akasema. "Anataka sindano na kuangaliwa kwa karibu. Mpelekeni hospitali ya Kibiti sasa hivi, kabla maji hayajapwa."

Maji yakipwa, mkondo wetu hubaki tope tupu, na boti haitoki mpaka yajae tena. Tulikimbia.

Dikoni, yaani pale boti zinapofunga, maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma. Kamau, ndani ya mabuti yake mapya ya mpira, alimkumbatia Njeri na kuingia topeni kama askari. Hakufika mbali. Alizama hadi magotini, akavuta mguu, mguu ukaja, buti likabaki. Akavuta wa pili, hali kadhalika. Akasimama pale katikati, mtoto kifuani, haendi wala harudi.

"Baba Njeli, hebu nipe mtoto."

Alikuwa Bi Zaituni, mama mwenye nyumba tunayopanga. (R kwake ni L, na sisi watu wa Kinangop, tunaozichanganya herufi hizo hizo, hatuna uso wa kumcheka mtu kwa hilo.) Alikuwa pekupeku, sufuria kichwani, mkeka kwapani. Alimpokea Njeri kwa mkono mmoja, akapita juu ya tope lile kana kwamba ni sakafu.

"Bi Zaituni, kwani unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kibiti."

"Kuna nini Kibiti?"

Alinitazama kama mimi ndiye mwenye homa. "Si mtoto anaumwa?"

Ndani ya boti Njeri alilala mapajani mwangu, mwili ukiwaka. Kamau alimkinga jua kwa mwavuli hadi upepo ulipoupindua, kisha akamkinga kwa shati lake. Hivyo ndivyo tulivyofika gati la Nyamisati, upande wa bara.

Nyamisati tulikuta bodaboda mbili tu.

"Bosi, hapa ni kupiga mshikaki," kijana mmoja akasema.

Kamau akalipuka. "Mtoto wangu anaungua, wewe unanitajia nyama?"

"Anasema tupakiane wawili wawili kila pikipiki, baba," Bi Zaituni akamtuliza. "Nyama ni sisi."

Basi tukapanda hivyo: mimi na Njeri pikipiki ya mbele, na ya nyuma Bi Zaituni na sufuria yake, Kamau akining'inia mwishoni. Barabara ya mchanga iliturusharusha hadi Bungu, tukaishika lami, na kila nilipogeuka niliona miguu ya mume wangu imetanuka pande mbili kama mbawa za bata.

Kibiti, mlangoni mwa hospitali, nesi alituona akavuta kiti cha magurudumu, akampelekea Kamau. Simlaumu. Alikuwa pekupeku, tope hadi mapajani, meno yanagongana.

"Kaka, kaa taratibu. Homa imeanza lini?"

"Leo asubuhi," Kamau akajibu kwa unyonge, akakaa.

"Huyo haumwi," Bi Zaituni akasema. "Huyo baba mtu. Mgonjwa ni huyu."

Leo nacheka. Saa ile sikucheka, maana Njeri alichomwa sindano na hakulia. Binti yangu, ambaye hulia akichanwa nywele, alitazama sindano ikiingia kama inamwingia mtu mwingine.

Mchana mama yangu akapiga simu. Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti iliyosikika wodi nzima, kwamba mtoto akipata nafuu tu tupande basi turudi. Kamau, aliyekaa sakafuni, akanong'ona kwamba mama anasema kweli. Mimi nilikwisha kufunga masanduku yote kichwani mwangu.

Bi Zaituni hakujua neno hata moja la Kikuyu. "Mama yako anawaita nyumbani?"

"Ndiyo."

"Ana haki," akasema, akiendelea kumpangusa Njeri kwa kitambaa chenye maji. "Hata mimi ningewaita."

Jioni Njeri akafumbua macho. "Nataka kukojoa," akasema. Kamau alitoka mbio mpaka ukumbini, akawatangazia wagonjwa na wauguzi habari hiyo kama aliyeuona mwezi wa Idi.

Tulipopewa ruhusa, daktari alisisitiza vidonge vya kumeza vimalizwe vyote, hata mtoto akionekana mzima. Nami nawaambia mtakaokuja kututembelea: homa ikianza, msisubiri kesho, kapimeni. Na mtu wa huku akibeba sufuria kukufuata hospitali, usimwulize anakwenda wapi.

Nyamisati tuliketi kwenye mkeka wa Bi Zaituni, tukingojea maji ya kutupeleka kisiwani; habari ya basi la kurudi Kinangop hatukuwa tumeiamua. Simu ikaita, mama tena. Kabla sijaipokea, Njeri aliinyakua azungumze na bibi yake.

"Cucu, nimepona! Tunarudi nyumbani sasa hivi. Tunangoja maji yajae tu, tupande boti."

"Boti?" mama akauliza, nasi sote tukasikia. Kamau alinitazama, nami nikautazama mkondo. Kisha mama akamwambia Njeri anipe simu.

"Huko majini kuna upepo," akaniambia. "Mvalishe sweta."

Jua lilikuwa utosini na mchanga unachoma. Nikamwambia, "Sawa, mama."