Munyoki na Kisu cha Pili cha Opicho

Kabati la kioo lililo sebuleni kwa Munyoki, mtaani Donholm, lilitengenezewa vyombo vya wageni. Vyombo hivyo sasa viko jikoni, chini ya sinki, na mkewe, Mbeti, amekoma kulalamika. Kabatini mna visu.

Si visu vya duka. Munyoki, aliyeendesha lori la unga hadi alipostaafu, hana haja na kisu kilichotoka kiwandani pamoja na ndugu zake elfu. Anavyokusanya ni vile vilivyofuliwa na mtu mmoja kwa mkono, na ukimwuliza habari za kisu chochote, atakueleza kwanza habari za mtu huyo.

Hiki chembamba ni cha Githinji wa Gikomba, ambaye hawezi kufua chuma bila kubishana na mtu, na akikosa mtu hubishana na nyundo. Visu vyake ni vyepesi, vina haraka, na mipini yake huanza kucheza kabla ya mwaka kwisha. Munyoki humsamehe kwa sababu ya makali, ambayo anasema yana ucheshi. Kile kipana kilikatwa kutoka kwenye msumeno uliotupwa, na aliyekikata ni Sylvance, kibarua wa Mukuru kwa Njenga, mtu wa kupima kila kitu mara mbili na kusema machache. Hakina kosa hata moja. Munyoki hukishika kwa heshima na kukirudisha upesi, kama mtu aliyesalimiana na hakimu.

Cha Opicho alikuwa akikitoa mwisho, na kabla ya kukitoa alivuta kiti akaketi.

Ni kisu kifupi kilichotokana na springi ya lori, na karibu na mgongo wake alama za nyundo bado zinaonekana. Opicho alikuwa mhunzi wa Shauri Moyo, mwenyeji wa Kimilili. Fuawe yake, pale alipofulia chuma, ilikuwa kipande cha reli, na moto wake ulipulizwa na feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Siku walipokutana, Munyoki alimwona akimaliza kisu cha mwuza nyama, akakipiga kwa ukucha, akasikiliza, kisha akakitupa kwenye lundo la vyuma chakavu. Mteja alikuwa amesimama pale pale na pesa mkononi. Opicho alimwambia arudi kesho, akawasha moto upya. Munyoki anasema hajawahi kukisahau kile kisu kilichotupwa, ingawa hakukigusa.

Opicho alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Kabla ya kukubali kazi alimwuliza mteja kisu kinaenda kufanya nini, kwa kuwa cha mshona viatu si cha mama wa chipsi, wala cha mama wa chipsi si cha bucha. Munyoki alipoulizwa alijibu kwamba ni cha jikoni. Baadaye, kwa fahari tu, akamwonyesha mhunzi picha kwenye simu: kisu kikiwa nyuma ya kioo, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Opicho aliitazama picha ile kwa muda, akamrudishia simu yake. Tangu hapo hakumfulia kisu kingine.

Hawakugombana. Kwa miaka mingi Munyoki alikuwa akipita Shauri Moyo, anakalia kigoda, wanakunywa chai, anaomba kisu cha pili, ananyimwa, wanacheka, anarudi Donholm. Kisu alichokuwa nacho kilifuliwa na Opicho asiyemfahamu. Alitaka kimoja ambacho Opicho angekifua akimjua. Hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa mhunzi mwenyewe, ila kwa Mbeti, ambaye alimwuliza chuma kitajuaje.

Mwaka jana bega la Opicho lilianza kumsumbua. Kufikia Septemba alikuwa akipumzika kila baada ya mapigo machache. Alitangaza kwamba Krismasi ikifika anarudi Kimilili na hatatoka tena; kipande cha reli kimekwishapata mwenyewe mpya. Munyoki alipolisikia hilo hakucheka. Aliomba kisu kwa sauti ambayo Opicho hakuizoea, na kwa mara ya kwanza mhunzi alilegeza msimamo: alete kile cha kwanza, na akikuta kimefanya kazi, atawasha moto.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja jikoni. Lakini Munyoki ni mkusanyaji, na mkusanyaji hukionea kisu chake huruma. Alinunua vitunguu sokoni, akavikata kwa kisu kingine, akausugua ubapa kwa vipande vile hadi ukaiva rangi ya kijivu. Kisha akauparuza kidogo kwa mchanga pale barazani. Matokeo yalimridhisha. Kesho yake akakipeleka Shauri Moyo kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa.

Opicho alikinusa kwanza. Halafu akacheka mpaka akalishika bega lake.

"Mzee Munyoki, umekipaka kitunguu kama mtu anayepaka ukuta rangi," alisema. "Kisu cha kazi huliwa mahali pamoja, hapa tumboni, kinapogusa ubao. Hiki kimechafuka tu."

"Hata kukipaka ilikuwa kazi."

"Kazi ya kitunguu. Kisu kilikuwa kimelala."

Jioni hiyo Munyoki aliingia jikoni na kukiweka kisu juu ya ubao, mbele ya mkewe. Mbeti alikuwa na fungu la mboga za sukuma na kisu cha supamaketi chenye mpini wa plastiki. Alilikunja lile fungu, akajaribu kile cha Opicho mara moja, akasita, akaendelea hadi mwisho.

"Baba Kamene," akasema, bila kuinua macho, "miaka yote hii kilikuwa kinakaa pale kinanitazama nikihangaika?"

Wiki zilizofuata kilikata sukuma, viazi, nyama ya mbuzi na nyuzi za gunia la mahindi, jambo ambalo Munyoki aliliona na kulazimika kutoka nje. Kila usiku baada ya chakula alikipangusa na kukipaka mafuta. Tumbo la kisu lilianza kung'aa peke yake, mstari mwembamba, pale pale Opicho alipopaonyesha kwa kidole.

Novemba ilipokaribia kwisha aliona wakati umefika wa kukirudisha Shauri Moyo kikaguliwe. Mbeti akakataa. Kisu hakitoki, alisema. Kama fundi anataka kukiona kikifanya kazi, aje aketi mezani, naye atachinja kuku.

"Mbukusu huyo," akaongeza. "Akisikia kuku, atakuja."

Opicho alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa koti. Hakuketi sebuleni wala hakulitazama kabati. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akamwona Mbeti akitenganisha viungo vya kuku bila kuvunja mfupa. Alipofika kwenye firigisi aliipasua upande mmoja, akaigeuza, akaibandua ngozi yake ya manjano ikatoka nzima pamoja na changarawe zake. Opicho alikuwa akiutazama mkono, si kisu.

Kwa watu wa kwao Opicho, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mbeti alimwekea mgeni. Opicho akaomba kisu, akaigawa mara mbili, akampa Munyoki nusu yake. Kisha akachana ukingo wa gazeti na kumwomba mama mkono wake. Akauzungushia ile karatasi kiganjani kuupima, akaikunja palipoishia.

Munyoki alinyoosha wa kwake. "Na huu?"

"Huo naujua," Opicho alisema. "Ungekishika kwa vidole viwili, ukakifungia kiooni."

Kisu cha mwisho cha Opicho kilifuliwa katikati ya Desemba. Munyoki ndiye aliyelizungusha gurudumu la feni, koti lake likiwa limetundikwa msumarini, huku mhunzi akipiga, akipumzika, akipiga tena. Kilipotoka kwenye mafuta na kupoa, na mpini ukakaa, Opicho alikipiga kwa ukucha. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Lundo la vyuma chakavu lilikuwa hatua moja tu kutoka alipokaa, na Munyoki anakiri kwamba alilipima kwa macho.

Kisha Opicho akamgeuzia mpini. "Mpelekee mwenyewe."

Akiwa njiani kurudi Donholm alikifunua mara kadhaa. Mpini ni mwembamba kidogo kwake. Alipomkabidhi mkewe, Mbeti alifunga vidole vyake, vikakutana pale hasa vilipotakiwa kukutana, akageuka kuendelea na viazi.

Opicho yuko Kimilili sasa. Kabatini, kati ya kisu cha Githinji na cha Sylvance, kuna misumari miwili isiyo na kitu. Wageni huuliza, na Munyoki huwaambia visu vya Opicho viko kazini. Akiulizwa kama haimwumi kwamba mhunzi alikataa hadi mwisho kumfulia chake, huusikiliza kwanza ubao unavyogongwa jikoni.

"Hakukataa," husema. "Alinifulia mimi. Ananijua sana, ndiyo maana akampa mama."