Ambulansi Iliyoachwa Msikitini

Siku ile nyumbani kwetu, mtaa wa Kabondo, tulikuwa wanne: mimi, mama mkwe, mwanangu aliyewaka homa, na mume wangu, karani wa serikali aliyetafutwa na waasi walioshika mji, amejificha chini ya kitanda. Jirani alikuwa ameenda kuita ambulansi mpya ya zimamoto. Lakini siku hizo gari likisimama mlangoni, mtu huchukuliwa. Mlango ulipogongwa, niliuliza ni nani.

"Mimi niko pompier, mama, mutu wa zimamoto. Niko peke yangu."

Nikafungua kidogo. Alikuwa ameinua viganja vitupu kifuani.

"Na gari iko wapi?" akauliza mama mkwe.

"Nimeiacha kule kwa musikiti. Ningeileta hapa, mungekufa na woga kabla ya homa."

Akambeba mtoto begani, kisha akatazama chini ya kitanda, miguu ya mume wangu ilikotokeza. "Bon. Funika ile miguu, mama. Mimi sikuona kitu."

Nikamfuata hadi msikitini. Mji mzima ulisifu king'ora cha gari lile. Mimi nasifu kwamba hakukipiga.

Mwanangu alipona. Wiki iliyofuata wenye bunduki walilichukua gari, na pompier yule akaendelea kufuata wagonjwa kwa baiskeli.