Amri ya Nne

Umeme ulikatika Jumamosi iliyopita tukiwa tumebakiza gauni moja la kunyoosha, basi nikaitoa pasi ya mkaa uvunguni mwa kitanda. Ni ile ile ya mama, yenye kijogoo mbele, mkia wake umekatika. Nilipoishusha juu ya kitambaa cheupe kilichonyunyiziwa maji, ukapanda mvuke wenye harufu ya mkaa, wanga na nguo iliyokaa sana sandukuni. Hapo hapo nikawa na miaka kumi na minne tena, nimesimama mbele ya meza ile ile, wivu umenijaa hadi kooni.

Nitawaambia ninyi, kwa kuwa miaka imepita na niliyemkosea ameshanisamehe. Wivu wenyewe ulikuwa wa mdogo wangu, Neema.

Tulikuwa watatu, katika nyumba iliyoko juu ya bonde, upande wa Magamba, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Baba alitangulia. Mama akamfuata mwaka uliofuata, mvua za vuli zikianza. Mimi nilikuwa darasa la sita, na Samweli, kitinda mimba wetu, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baada ya matanga ndugu wa baba walikaa kikao wakataka kutugawa, huyu huku, yule kule. Nikasema hatugawanyiki. Sijui ulimi ule niliupata wapi. Wakaniuliza nani atawalisha hawa, nikasema mimi. Tangu wiki ile sikurudi shule.

Lakini shule haikuniuma kama darasa la kipaimara. Kwetu Walutheri mtoto hufundishwa katekisimu na mwinjilisti kila Jumamosi kwa miaka miwili. Mwishoni huulizwa maswali mbele ya usharika mzima, na Jumapili inayofuata huvaa nyeupe akaikaribia Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Mimi na Neema tulianza pamoja, ingawa nilimzidi mwaka mmoja, kwa sababu mama alisema hawezi kuosha viatu vya matope Jumamosi za miaka mitatu. Gauni langu alikuwa ameshalishona kwa mkono, la kitambaa cha tetroni, akaacha pindo refu. "Unarefuka kama mkalitusi," aliniambia. "Sitaki kushona mara mbili." La Neema hakuwahi kulishona.

Tulipobaki peke yetu, Jumamosi ikawa siku yangu ya kibarua. Nilikuwa nang'oa na kuosha karoti za Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, ili zishuke Lushoto sokoni kesho yake. Neema akaendelea na darasa. Njia ya kanisani ilipita juu ya mto tuliooshea karoti, na kila Jumamosi nilimwona akipita na wenzake, wakicheka, na daftari kwapani. Alikuwa akinipungia mkono. Nami nilijifanya maji yameniingia machoni.

"Wewe mwanangu," Mama Zaina aliniambia siku moja, "hiyo karoti unaiosha au unaichuna ngozi?"

"Naosha, mama."

"Haya. Ila nikwambie, wivu kwa ndugu ni kaa la moto mfukoni. Litaunguza nguo yako kwanza."

Nilikasirika, kwa sababu nilidhani nimeuficha.

Mama alituachia agizo moja, kwamba sala ya jioni isikome katika nyumba ile, hata siku tutakayolala na njaa. Sikulivunja. Kila jioni nilimweka Samweli magotini, tukaimba ubeti mmoja, nikasali. Lakini nilisali kama mtu anayefunga mlango kwa sababu aliagizwa aufunge. Neema alipopokea sala ndipo nilipoumia. Alimshukuru Mungu kwa viazi, kwa kuni kavu, kwa dada. Nilifumbua jicho moja nikamtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, kana kwamba anaongea na mtu anayemjibu. Mimi sikujibiwa na mtu. Nilimwonea wivu wa darasa, nikamwonea wivu wa daftari, na mwisho nikamwonea wivu hata wa imani yake.

Nyumbani tulijifunza katekisimu kama alivyotuzoeza mama: mwenye kitabu hushika kitabu, mwingine humenya maharage huku akitamka amri na maana yake bila kuchungulia. "Mikono kazini, mdomo kwa Mungu," mama alikuwa akisema. Sasa mwenye kitabu nilikuwa mimi. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mama, kurasa zimelegea, nami nilikifungia sandukuni pamoja na gauni.

Mwezi mmoja kabla ya maswali, mke wa mchungaji alinitumia salamu kwamba nimpunguzie Neema gauni langu, maana hana jingine. Nililitoa, nikamvika, nikapiga magoti sakafuni na pini mdomoni. Pindo la mama nililikunja tena juu ya pindo, kwa kuwa Neema alikuwa mfupi. Alizunguka mara moja, taratibu, akauliza, "Nimependeza, Dada?" Nikamwambia asimame wima.

Jioni ile, alipofika amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama, alijikwaa kwenye maana yake. Nami nikamsomea maana ya amri ya saba, ya wizi, inayotuagiza kumsaidia jirani kulinda mali yake. Na ili ikae vizuri, nikaongeza ng'ombe.

Alinitazama kidogo. "Ndiyo hiyo, Dada?"

"Ndiyo hiyo. Rudia."

Akarudia. Jioni zilizofuata akairudia vile vile, nami sikumrekebisha. Nilitaka akwame, asubiri mwaka mwingine, gauni lirudi sandukuni. Zaidi ya hapo sikufikiri.

Jumapili ya maswali kanisa lilijaa hadi mlangoni. Matarumbeta yalilia, yakanyamaza. Nilikaa benchi la nyuma, Samweli nimemfunga mgongoni kwa kanga. Watoto walisimama mstari mmoja mbele, na mchungaji alikuwa akiwauliza mmoja mmoja kwa zamu. Zikapita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikahesabu vichwa, nikaona ya nne inamwangukia nani.

"Neema. Amri ya nne."

Akaitaja vizuri.

"Maana yake?"

Neema akatazama huku nyuma niliko. Kisha akasema kwa sauti safi kwamba tumwogope na kumpenda Mungu, tumsaidie jirani kulinda mali yake na ng'ombe wake.

Kicheko kikaanzia upande wa vijana kikatambaa hadi kwa wazee. Mchungaji hakucheka.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Neema akainamisha kichwa.

"Mtoto asiyeijua amri ya baba na mama," mchungaji alisema polepole, "huyo atangoja mwakani."

Ndilo lile nililolitaka, nimeletewa mkononi. Ningekaa kimya tu. Neema alikuwa akiuma mdomo wa chini, kama alivyouma siku ya kumzika mama, siku niliyomshika mkono nikamwambia usiogope, mimi nipo. Nikajikuta nimesimama.

"Mchungaji, shikamoo," nikasema.

Hakuna anayemwamkia mtu katikati ya ibada, lakini sikujua namna nyingine ya kuanza kusema na mkubwa. Akashusha miwani. "Marahaba."

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Ni makusudi."

"Kwa nini?"

"Namwonea wivu."

Kanisa zima lilisikia Samweli akinyonya kidole. Nikaitaja maana ya amri ya nne yote, kama ilivyo, na sauti ikanikatikia kwenye neno mama. Mchungaji akamgeukia Neema. "Haya, sema wewe." Neema akaisema mwanzo hadi mwisho, bila kujikwaa. Nilidhani ameidaka hapo hapo kwangu.

Alipata kipaimara Jumapili iliyofuata. Nililinyoosha gauni lile mwenyewe, kwa pasi hii, alfajiri, na wivu haukuwa umeisha. Jumatatu Mama Zaina alinikuta mtoni. "Nasikia umehubiri kanisani," akasema. "Kaa umelitoa?"

"Bado lina moto, mama."

"Si kitu. Mradi liko nje." Akanipa kikapu.

Mimi nilipata kipaimara miaka minne baadaye, Samweli alipoanza shule. Nilivaa gauni la kuazima, katikati ya watoto walionifika begani. Sala ya jioni haikuwahi kukoma, na siku moja, siikumbuki ni ipi, nikagundua sifungi mlango tena, nazungumza.

Jumamosi iliyopita gauni lililokuwa mezani ni lile lile. Safari hii ni la binti wa Neema, mrefu kama mimi, na tulikuwa tumefumua mapindo yote mawili. Nikiwa napiga pasi nikamwambia Neema, kwa mara ya mia labda, kwamba nilimkosea.

Akacheka. "Dada, mwinjilisti alitufundisha ile amri Jumamosi tatu mfululizo. Niliijua."

Nikainua pasi. "Sasa ng'ombe uliwataja kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa pale nyuma unanitazama. Umeacha shule kwa ajili yetu. Ningesema ya mwinjilisti, ungejiona hujui kitu." Akalishika pindo, akalivuta linyooke. "Na amri yenyewe inasemaje? Mama yangu wakati ule alikuwa nani?"

Kitambaa mezani kilikuwa na mistari miwili ya mapindo, wa juu niliukunja mimi, wa chini aliukunja mama. Nilipiga pasi mpaka mkaa ukapoa, na yote miwili bado inaonekana.