Mishale ya Upande Mmoja

Mke wangu alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule miaka thelathini na minne, katika chumba chetu cha mbele, cherehani ameielekeza dirishani. Akimaliza nguo huipindua ndani nje, akautazama mshono wote kabla ya kuikunja. Mimi sikusoma shule. Barua zangu alinisomea yeye.

Kazi yangu ilikuwa njia. Kuna msitu kando ya bahari, na ndani yake njia ya kuzunguka. Unaanzia getini, unapanda, unatokea juu ya majabali unaiona bahari yote, unashuka hadi karibu na ufukwe, kisha unapinda kurudi getini. Ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye magoti. Nilifyeka, niliondoa miti iliyoanguka, na kila mwaka nilipaka mishale ya njano kwenye miti ili wageni wasipotee. Stoo ilikuwa pale getini. Kila siku nilianzia hapo, nikashika kushoto. Wageni nao hivyo hivyo.

Siku moja mke wangu alipeleka sare kwenye shule ya bondeni, kule chini. Alijua ninafanya kazi majabalini. Akaona anipelekee chakula, anishtukize. Akaingia msituni kwa upande wa chini.

Sikumwona. Jioni nilimkuta ameketi kitandani, gauni limechanika, miguu michubuko mitupu, bakuli la chakula bado limefungwa kwenye kitambaa.

"Kulikoni, mama watoto?"

"Nilikuwa msituni kwako. Nimezunguka tangu saa sita, nimekuja kutokea barabara ya malori."

"Na mishale je?"

"Haipo."

"Haipo! Nimeipaka kwa mkono huu!"

"Baba watoto, nimetazama kila mti."

"Umetazama wapi wewe? Ulikuwa unawaza vifungo."

Nikacheka. Naye akacheka kidogo. Kesho yake nikaipeleka habari kazini, nikaitia chumvi. "Mke wa mwenye njia kapotea njiani!" Dereva wa trekta, mtu wa maneno mengi, akambandika jina: Bibi Dira. Kila akipita nyumbani husimama dirishani.

"Hodi, Bibi Dira! Kaskazini wapi leo?"

Naye humjibu pini zikiwa mdomoni, "Kaskazini ni kwa mkeo. Nenda."

Aliniomba jambo moja tu. Nimtembeze mwenyewe, azunguke njia nzima, aione bahari kutoka juu. Nikamwambia ngoja mvua zikatike. Zikakatika. Nikamwambia ngoja nipate likizo. Watu nisiowajua hata majina niliwatembeza. Ikapita miaka kumi na saba. Akaugua wiki tatu, tukamzika.

Binti yetu akanichukua kwake. Anakaa bondeni. Asubuhi moja nikatoka na fimbo, nikaingia msituni kwa chini kwa kuwa ndiko karibu. Sikuwahi kuingilia huko. Nilipofika penye njia mbili, ile yetu na ya waokota kuni, nikasimama. Njia naijua, lakini macho yalitafuta mshale. Mti mtupu. Nikazunguka nyuma ya mti, na njano ikawa hapo. Nikaenda mti wa pili. Wa tatu. Mishale yote inamtazama anayeshuka kutoka majabalini. Upande wa pili sikuupaka hata siku moja.

Nikakaa chini. Alitazama kila mti.

Jioni nikamweleza binti yetu. Alikuwa anapiga pasi. Hakushtuka.

"Mama alijua, baba."

"Alijua nini?"

"Kwamba mishale iko upande mmoja. Alirudi wiki ile ile kuangalia. Na mimi alinionyesha."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema, mwache baba yako, watamcheka kazini."

Nikaenda chumbani kwangu. Miaka kumi na saba aliitikia jina lile.

Asubuhi nikaenda stoo. Msimamizi wa sasa ni mwanamke, mdogo kuliko binti yangu. Nikamwomba rangi ya njano.

"Ya nini, babu?"

Nikamweleza kwa sauti, dereva wa trekta na wenzake wakisikia. Wakaangua kicheko. Dereva, kichwa chote mvi sasa, alijishika mbavu.

"Mzee! Miaka yote hiyo!"

"Miaka yote hiyo."

Nilisimama pale na kopo mkononi mpaka wakamaliza kucheka. Halafu nikamwambia dereva, "Lile jina ulilompa, ulifute. Hakupotea. Nilimpoteza mimi."

Akavua kofia yake.

Nimeshapaka upande wa pili wa miti kumi na minne, kuanzia chini. Magoti hayaruhusu zaidi ya miwili kwa siku. Kutoka hapo hadi majabalini imebaki mingi, sijaihesabu.